Fundi Anataka Kufuta Mpangilio Alioniachia Chiriku

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na mwandiko wangu uuvumilie, shule niliiacha mapema. Mimi naimba kwaya ya akina mama kwenye ukumbi wa mtaa wetu, na mwaka juzi nilipasuliwa koo, sauti ikabaki nyembamba kama uzi, nikasema basi, kuimba kumeniishia, lakini kitinda mimba wangu, tunamwita Chiriku kwa maneno mengi, ndiye alikuwa fundi wa ile mashine ya kuchanganya sauti pale ukumbini, akakaa na mimi jioni nyingi, "Mama imba, mama rudia," mpaka akapata kipimo cha kuniinua, akakihifadhi ndani ya mashine kwa jina "Mama", ikawa akibonyeza tu, vile vitufe vya kupandisha sauti vinateleza vyenyewe hadi mahali pake, mara ya kwanza nilidhani kuna jini, na watu wakanisikia tena hadi viti vya nyuma, Mungu ampe maisha marefu mwanangu yule.

Sasa Chiriku ameolewa mbali. Fundi mpya ni mpole, ananiheshimu, sina ugomvi naye, ila juzi mazoezini akabonyeza mpangilio wangu, ule wa "Mama", nikafungua mdomo, sauti ikakwaruza, taa nyekundu ya mashine ikawaka, akasema, "Mama Chiriku, leo utatupasulia spika! Huu tuufute, tuanze upya." Mwenzangu mmoja akadakia, "Mwache mama aimbe, anatufukuza ukumbini kistaarabu." Nikacheka nao, lakini nyumbani nililia, maana hicho ndicho mwanangu alichoniachia, na kikifutwa naogopa nitarudi kuwa bubu. Tunaimba mbele ya watu Jumapili. Nimkatalie fundi, au nikae pembeni nisiwaharibie wenzangu?

Mama wa kwaya

MSHAURI ANAJIBU:

Mama wa kwaya, pole, lakini futa machozi, umelilia habari njema! Mpangilio huo ulihifadhiwa sauti yako ikiwa uzi, kwa hiyo sauti ya maiki yako ilipandishwa juu sana. Mashine haijabadilika, inarudisha vilevile ilivyoambiwa siku ile. Aliyebadilika ni wewe, sauti imerudi na nguvu ikazidi kipimo kile, ndiyo maana ikakwaruza. Umepona, mama, na umekuwa wa mwisho kujua.

Fundi hana kosa. Kosa ni lako, kucheka na watu halafu kwenda kulia peke yako wakati mwenye jibu alikuwa mbele yako. Nenda kesho umwambie, "Mwanangu, ninakilie kwanza mpangilio wa Chiriku kwenye flashi." Hiyo iweke kabatini, ni yako. Kisha afute laini yako tu, yaani njia ya maiki yako kwenye mashine, asiguse za wenzako. Imba kwa nguvu zako zote, usimnong'onee mazoezini ukaja kumpazia sauti Jumapili, apime, ahifadhi upya. Jina abakize lilelile, "Mama".

Habari ya kukaa pembeni sitaki kuisikia tena. Na leo hii mpigie Chiriku. Usimweleze mambo ya taa wala vitufe. Mwimbie ubeti mmoja, bila maiki. Huyo ni fundi, atajua mwenyewe.