Mikate ya Plamedie juu ya cahier ya inspekta

Yasmine, bantu basitudanganye tena: kuuliza NI ujinga! Plamedie wetu ameuliza leo, karibu bamufukuze.

Prof Ruphin alikuwa anafundisha racine carrée, ile alama ya √, inspekta amekaa nyuma anaandika mu cahier, daftari yake. Prof akaandika √9 + √16, akajumlisha ndani: √25. "Ni tano! Batoto, ni...?"

Darasa nzima: "TANO!" Unatujua, prof akianza sisi tunamalizia.

Plamedie akainua mukono. "Prof, √9 si ni tatu? Na √16 si ni nne?"

"Kaa chini, mama mukubwa!"

Sasa sikia. Plamedie akatoa mikate ya kuuzisha ya mama yake, ile ya kukaangwa, akaipanga juu ya cahier ya inspekta. JUU YA CAHIER, Yasmine! Tatu huku, nne kule. "Papa inspekta, hesabu."

Papa akahesabu na kidole. Halafu akakula moja!

"Iko saba," akasema, mudomo umejaa. "Ilikuwa saba."

Mafuta kwenye rapport yote, ile ripoti alikuwa anaandika juu ya Prof! Prof jasho tupu: "Plamedie, omba pardon mbele ya bote, ao usiingie tena mu darasa yangu!"

Plamedie akapanguza vidole polepole.

"Siombi, Prof. Leo siombi, na kesho siombi."