Bunduki ya Kalle

Nyumbani kwa Babu Onni,
Barabara ya Mlimani,
Hancock, Michigan.
Jumamosi, 22 Oktoba 1994

Mpendwa Mjomba Reino,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote. U hali gani huko Anchorage, na mgongo wako unaendeleaje tangu ulipoteleza gatini? Mama ameniagiza niulize hilo kabla ya mengine yote, nami nimetii. Sisi ni wazima. Babu bado anakohoa asubuhi, lakini ukimuuliza anasema ni kahawa tu. Theluji imeanguka mara moja ikayeyuka.

Shuleni ninaendelea vizuri, isipokuwa katika mazoezi ya viungo, na hayo afadhali nisiyaeleze.

Asante kwa kitabu cha mihuri ya bunduki za zamani ulichonitumia Krismasi. Nimekisoma mpaka jalada limelegea. Ningependa niishie hapo, Mjomba, lakini kitabu hicho ndicho kilichonifanya nishindwe kukuandikia tangu Mei. Kosa si la kitabu.

Unaikumbuka bunduki ya Mzee Veikko Kangas, ile ya Kifini yenye herufi K.K. zilizochongwa kwenye kitako. Wewe ulikaa na wazee kwenye meza ile ya maonyesho ya bunduki miaka mingi kabla yangu, kwa hiyo hadithi yake unaijua: kwamba ilikuwa ya Kalle, ndugu wa baba yake, aliyeuawa msituni kule Ufini Januari 1940, kwamba ilivuka bahari peke yake ikamfikia ndugu yake hapa Hancock, ikiwa imejaa grisi ndani ya pipa la bunduki kuukuu za jeshi, kwenye duka la vifaa vya ujenzi.

Kwenye maonyesho ya Mei Mzee Veikko alikuwa akimsimulia mgeni mmoja kutoka Wisconsin. Mimi nilikuwa nyuma ya meza, nasoma kama kawaida. Mgeni akanigeukia.

"Na wewe bwana mdogo, unajua lolote, au umewekwa hapa kulinda birika?"

Watu wa meza za jirani wakacheka. Mzee Veikko akanitetea. "Huyo ni profesa wetu," akasema. "Muulize chochote."

Unajua nisivyoweza kusema mbele ya watu. Siku hiyo niliweza. Nilisema kwamba kitako chenye shingo iliyopinda vile ni cha bunduki za baadaye, na kwamba Kalle alipokufa hakuna hata moja ya aina hiyo iliyokuwa imetengenezwa, kwa hiyo hakuweza kuibeba. Kisha nikafungua kitabu nikamwonyesha picha.

"Lo! Mzee," mgeni akasema, "mtoto amekuvua nguo sokoni!"

Mzee Veikko aliifunga bunduki yake katika blanketi, akavaa kofia, akatoka. Kahawa yake ilibaki mezani ikitoa mvuke.

Garini Babu aliendesha mpaka tukapita daraja. "Unadhani wewe ndiye wa kwanza kuiona shingo ya kile kitako?" akaniuliza.

"Mlikuwa mnajua?"

"Ukumbi mzima unajua. Hata mama wa kahawa anajua."

"Mbona hamkumwambia?"

"Tumwambie ili iweje?"

Mjomba, nimejiuliza mara nyingi kama nawe ulijua. Nadhani ulijua, nawe ulikuwa unaisikiliza hadithi ile kila mwaka kama vile ni mpya. Nikifikiria hilo natamani ardhi inimeze.

Tangu siku hiyo Mzee Veikko hakuja tena kuoga mvuke katika sauna yetu. Unajua yeye na Babu hawakuwahi kukosa Jumamosi hata moja tangu walipokuwa vijana. Babu hakunigombeza. Kila Jumamosi aliwasha moto, akatundika taulo tatu, yake, yangu na ya Mzee Veikko, na usiku akairudisha ya tatu kabatini ikiwa kavu. Ningependa angenigombeza.

Septemba nilikwenda kwa Mzee Veikko. Mama alinipa mkate wa iliki, bado wa moto, akasema nisirudi nao. Nilikuwa nimejiandalia hotuba ndefu, lakini mlango ulipofunguliwa ikanitoka kichwani.

"Umekuja na kitabu?" akaniuliza.

"Hapana."

"Basi ingia."

Bunduki ilikuwa imelala juu ya meza ya jikoni, juu ya magazeti, naye alikuwa anaipaka mafuta. Nilianza kuomba radhi, akanikatiza.

"Ulisema kweli, profesa. Mimi si kipofu, nami nimeishika shingo hiyo kabla mama yako hajaolewa. Kinachoniuma ni kwamba hukunisemesha mimi. Ulikuwa unasema na yule mtu wa Wisconsin, ili asikucheke."

Ndivyo ilivyokuwa.

Akakata mkate, akanipa kipande kikubwa kuliko chake. Akaniambia kwamba Kalle hakupatikana. Hakuna kaburi, na jina lake limeandikwa kwenye ukuta wa kanisa la kule Ufini ambalo baba yake Veikko hakupata kamwe nauli ya kwenda kuliona. Halafu siku moja baba huyo akarudi kutoka dukani na bunduki ya Kifini begani, akakaa jikoni, akachonga herufi zile kwa kisu cha kumenyea viazi.

"Alipomaliza akasema, 'Huyu ni Kalle.' Hakusema 'hii', alisema 'huyu'. Wewe ungembishia?"

"Hapana, Mzee."

"Sasa kula mkate."

Sikula vizuri, Mjomba. Wala hakusema amenisamehe, nami sikuthubutu kuuliza.

Jumamosi iliyopita yalikuwa maonyesho ya vuli. Mzee Veikko alikuja, akaiweka bunduki mahali pake, akaketi. Hadithi hakuisimulia kwa mtu yeyote. Babu alizungumza habari za msimu wa kuwinda paa kwa sauti kubwa mno. Kisha akaja mama mmoja na bintiye, na mama huyo akapitisha kidole juu ya herufi.

"K.K. ni nani?"

Mzee Veikko alikunywa kahawa, akanitazama juu ya kikombe. Akaendelea kunitazama. Nikajua kwamba hatajibu yeye.

Nilisema ni Kalle Kangas, aliyeuawa msituni Januari 1940, asipatikane. Nilisema herufi zilichongwa na ndugu yake, hapa hapa Hancock. Safari hii sikufungua kitabu chochote.

"Kwa hiyo bunduki ilikuwa yake?" akauliza yule binti.

"Ni yake," nikasema.

Mzee Veikko akanisogezea bakuli la sukari. Hilo tu.

Leo ni Jumamosi tena. Babu amewasha moto, moshi unapita dirishani kwangu, na nimehesabu taulo ukutani: bado ni tatu. Kama Mzee Veikko atakuja, mimi sitaingia nao. Bado sina uso wa kuketi kati yao. Nitabaki nje niwapasulie kuni.

Nisalimie Anti Lorna, na umwambie Petra kwamba katuni alizonichorea ziko ukutani juu ya kitanda. Mama na Babu wanakusalimu. Babu anasema mgongo unataka mvuke, si vidonge. Mungu akulinde majini na nchi kavu, akurudishe kwetu kabla msimu wa paa haujaisha.

Gari linapanda mlima, Mjomba. Ni lile la Mzee Veikko, lenye taa moja. Nakwenda kuongeza kuni.

Ni mimi mpwa wako nikupendaye,
Rudi Harju