Tulivyompigia Dereva Ngoma

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi. Natumai wewe na shemeji hamjambo, watoto wanasoma, na mgongo wako umepata nafuu. Mimi ni mzima wa kula na kulala, ila watu wamenichosha.

Lile kundi la muziki la zahanati, nililokuambia nawashonea sare, litanitoa roho. Ni watu wenye sonona, ile huzuni isiyoondoka, na kila Jumamosi muuguzi huwakusanya waimbe na kupiga vyombo. Kinanda kibovu. Mwashi mmoja anaimba kama anagombana na ukuta. Muuguzi naye, hata tukiboronga vipi, atasema vizuri sana, mpaka natamani kumziba mdomo kwa kitambaa. Anayejua anachofanya ni mmoja tu, tunamwita Dereva. Aliendesha malori hadi ugonjwa ulipomshusha. Haongei, anapiga ngoma.

Basi akaacha kuja, na simu hapokei. Jumamosi iliyopita tukamfuata kwake, ghorofani, tumebeba ngoma anayoipigaga kundini. Viatu viko mlangoni, lakini tukibisha, kimya. Muuguzi akabembeleza wee, Mwashi akatishia kuvunja mlango. Mimi hasira zikanipanda, nikaanza kuipiga ile ngoma. Unanijua, Dada, sina mkono wa ngoma hata kidogo. Wenzangu wakadakia wimbo wetu wa kila Jumamosi, kila mtu na lake. Jirani akatoka akauliza kama tuna wazimu. Mwashi akamwambia ndiyo, na vyeti vya daktari tunavyo.

Mlango ukafunguka. Dereva, ndevu zimemjaa, akasema, “Mnauua huo wimbo!” Akaninyang'anya ngoma, akakaa kwenye ngazi akapiga huku machozi yanamtiririka. Usidhani amepona. Alituambia alikuwa ameazimia kutomfungulia mtu tena, na muuguzi akampeleka kwa daktari muda uleule. Nilirudi nyumbani bado nimekasirika, sijui hata na nani.

Dada, hakuna sare. Mimi ni mmoja wao. Ile homa iliyonilaza wiki nzima haikuwa homa. Nilishindwa kuinuka kitandani. Sikukuambia kwa kuwa nilijua utasema nisali, nipumzike, niolewe. Tafadhali usiyaseme. Mama nitamwambia mwenyewe. Wewe njoo tu Jumamosi moja, ukae nyuma, usikilize tunavyoboronga, na usinionee huruma mbele za watu.

Wabusu watoto, shemeji mpe mkono wangu.

Ni mimi mdogo wako,
Fundi Cherehani