Shira ya Maganda ya Komamanga

Kuze, Mombasa

Dada yangu mpenzi Khairunnisa,

Assalaamu alaykum. Nataraji barua hii itakukuta na afya njema huko Nairobi, na kwamba mwanao Munazza ameshapata nguvu baada ya kujifungua. Nibusie mtoto. Sisi huku tu hai, alhamdulillahi, ingawa siwezi kusema tu wazima. Nimeandika kwa sababu haya hayasemeki kwenye simu, na Mama yuko chumba cha pili anasikia.

Unaijua kazi yangu ya godauni la Shimanzi. Tulikuwa tukikusanya maganda ya komamanga wanayotupa wauza sharubati, tunayakausha, tunayaroweka kwenye spiriti na kuyachuja, mpaka inabaki shira nzito ya kahawia. Matone machache ukiyatia kwenye mafuta ya kupikia, hayaharibiki upesi yakipigwa na hewa. Faida niliyoithibitisha ni hiyo, wala sikudai nyingine.

Mumeo Huzaifa aliniomba dumu moja la shira, akasema ataijaribu kwenye mafuta ya sambusa pale dukani. Kumbe aliitia kwenye vichupa, akabandika picha yangu nimevaa koti jeupe, akaandika kuwa ni dawa ya sukari. Mama akaletewa kimoja na jirani. Nasikia alifurahi sana, akawaonyesha wanawake wa mtaa kazi ya mwanawe. Kisha akaacha sindano zake bila kuniambia, na kidonda cha mguuni akakificha ndani ya soksi. Nilipokuja kuisikia harufu, mambo yalikuwa yameshaharibika. Dada, Mama amekatwa mguu wa kushoto, chini ya goti. Mwenyewe ndiye aliyetukataza kukwambia, asikutilie huzuni kwenye furaha ya mjukuu.

Nilimwendea Huzaifa dukani nikidhani atalia. Aliniambia kwa utulivu, "Owais, hata hospitali watu hukatwa miguu. Mimi wateja wananishukuru." Nikamsihi aviondoe vile vichupa, akakubali, tukapeana mikono. Haukupita muda, Trizah ninayefanya naye kazi akaniletea kichupa kipya alichokikuta kwa babake, mtaa wa Tudor. Mzee naye alikuwa ameanza kuruka sindano.

Sasa nikwambie lililonifanya nishike kalamu. Mimi ndiye niliyekipeleka kichupa kile polisi. Walikuja wakamchukua Huzaifa mbele ya wateja, wakalitia duka kufuli. Humpati kwa simu kwa sababu hiyo. Safari ya Malindi aliyokwambia Mama haipo. Kesi ikisikizwa nitasimama kutoa ushahidi dhidi ya mumeo, na sitageuza neno.

Mama hajanisemesha tangu siku hiyo. Amemwambia Trizah kwamba mtu hamshtaki mume wa dadake, na kwamba dawa ilikuwa nzuri, ila yeye ndiye aliyechelewa kuianza. Nikimpelekea chakula hakigusi, mpaka apokezwe na mkono wa mtu mwingine. Godauni nimelifunga.

Sikuombi unisamehe. Ukirudi, nenda kwa Mama kwanza, ukae naye. Kwangu utakuja ukitaka.

Nisalimie Munazza na mumewe, na Mungu amkuze mtoto kwa kheri. Mama angekusalimu, lakini hajui kwamba nakuandikia.

Ndugu yako,
Owais