Baba, Ulipogusa Shingo Yangu

Baba yangu mpendwa,

Nimeketi kwenye baraza ya hospitali, hapa Tororo, karatasi nimeiweka juu ya goti. Mjukuu wako Wandera, tuliyempa jina lako, yuko ndani. Asubuhi wamemchukua damu, wakaniambia nisubiri nje. Homa yake ina siku tisa. Jana nilipokuwa namwogesha, vidole vyangu vilikuta vivimbe viwili nyuma ya shingo yake, laini, vinateleza chini ya ngozi. Wewe huhitaji kuelezwa nilivyohisi. Ndiyo maana nakuandikia wewe, ingawa tulikuzika Dabani masika ya mwaka juzi, wala simwandikii mume wangu aliye kazini relini, Malaba. Yeye ataniambia nisiogope. Wewe hukuwahi kuniambia hivyo.

Nilikuwa na miaka kumi. Mama alikuwa amekwisha kufa, kwa hiyo wewe ndiwe uliyeninyoa nywele. Uliniweka uani juu ya kigoda, ukaanza na upande wa kushoto, ukinikemea nisitikisike. Mara wembe ukasimama. Nikahisi kidole chako nyuma ya shingo, kinabonyeza, kinaondoka, kinarudi tena.

"Baba, umenikata?"

"Sijakukata."

"Mbona umeacha?"

Ulikunja wembe, ukaingia ndani. Siku tatu nilitembea na kichwa nusu kimenyolewa, nusu kina nywele. Watoto walinicheka kisimani, na mimi sikujua kwa nini baba yangu hawezi kumaliza kazi ndogo namna ile.

Nilikuja kujua baadaye kwamba Mama alianza kwa vivimbe kama vile, tulipokuwa tukiishi kule chini karibu na ziwa, kabla serikali haijatuhamisha kwa sababu ya mbung'o waletao malale. Mimi nakumbuka mwisho wake tu. Alikuwa akilala katikati ya neno. Alikuwa akilala chakula kikiwa mdomoni, na wewe ukimtoa tonge kwa kidole ili asipaliwe.

Siku zile tatu shangazi Nabwire, dada yako, alikuja akakaa mlangoni. "Ukimpeleka Tororo hutamwona tena," alikwambia. "Wanaopelekwa kule hawarudi. Mwache afie mikononi mwako." Hukumkatalia wala hukumkubalia. Ulikuwa umebatizwa mwaka ule ule, na sala uliyoijua vizuri ilikuwa moja, Baba Yetu. Uliisali kila mara ulipopata nafasi, ukipalilia muhogo, ukichota maji. Lakini nilisikia kitu. Ulipofika mahali pa kumwambia Mungu utakalo lifanyike, ulimeza mate, ukaparuka, ukaangukia kwenye mkate wa kila siku.

Nikakwambia, kwa ujeuri wa mtoto aliyefundishwa katekisimu vizuri, "Baba, umeacha kipande."

"Nimekiacha kwa kujua," ulisema bila kuniangalia. "Nilikisema kwa ajili ya mama yako."

Siku ya nne akaja katekista wetu, mwalimu Ouma. Nilidhani atakuhubiria. Alikaa, akakusikiliza mpaka ukamaliza, akanigusa shingo mwenyewe. Kisha akasema, "Hicho kipande kikikushinda, kiache. Mungu anajua bado hujakisema. Lakini mtoto mpeleke." Akakuachia baiskeli yake, akarudi kwa miguu.

Njia ile ya Tororo sijaisahau. Ulinifunga kwa khanga kwenye karia, nyuma ya kiti, ili nisianguke. Nilifikiri utaiendesha baiskeli, lakini uliisukuma karibu njia nzima. Mwamba wa Tororo ulionekana mbele yetu tangu asubuhi, na kadiri tulivyokwenda haukusogea. Jua lilipokuwa kali ulisimama kupumzika, ukaegemea usukani, na nikaona kichwa chako kinashuka. Kilishuka polepole. Nilikuwa nimeona kichwa kinashuka hivyo zamani, kwa Mama.

"Baba, usilale!"

Ukashtuka. "Silali. Nasali."

Nilikuamini kwa sababu nilitaka kukuamini. Lakini kuanzia pale nilikuimbia, nikakuuliza maswali ya kipuuzi, nikakupigapiga mgongoni kwa kiganja, ili usifumbe macho tena.

Tulipofika hapa, dresa, msaidizi wa daktari, alinipapasa shingo, akaandika. Kisha akakutazama wewe uliyekuwa umesimama ukutani.

"Na wewe, mzee. Toa shati."

"Mimi hapana mgonjwa. Mgonjwa ni huyu mutoto."

"Mimi naona macho yako. Toa shati."

Ulilivua kama mtu aliyeshikwa na wizi. Sikuhitaji kuwa dresa. Kutoka nilipokaa niliviona vivimbe vyako, vikubwa kuliko vyangu, vimejipanga kama mbegu.

"Ulijua, Baba?"

"Tangu mavuno." Ulikuwa ukiongea na sakafu. "Niliogopa wakinichukua mimi, utabaki na nani? Halafu nilipogusa vyako, hofu ikawa mbili. Nikashindwa kusogea."

Daktari Mzungu alieleza, dresa akatafsiri. Ugonjwa wangu ulikuwa bado mchanga, sindano zingeutosha. Wako ulikuwa umepanda kichwani. Ulihitaji kuchomwa sindano ya mgongo, kisha dawa kali ambayo wengine iliwaponya na wengine iliwaponya ikawachukua macho. Hakukuficha hilo, akakuuliza kama unakubali. Benchi letu lilikuwa likitetemeka, na niligundua kuwa anayelitetemesha si mimi.

Uliomba nafasi kidogo. Tukatoka, tukasimama kwenye majani pale nyuma ya jiko, na ukaanza Baba Yetu. Ulipofika pale mahali, ulinyamaza muda mrefu mpaka nikafikiri umelala tena. Kisha ulikisema. Ulikisema vibaya, sauti imekatika, machozi na makamasi, neno moja kwa wakati, kama mtu anayevuka Mto Malaba uliofurika na kila hatua anatafuta jiwe la kukanyaga. Ukafika ng'ambo. Ukasema amina.

Nikakuuliza, "Sasa huogopi?"

"Naogopa vile vile," ulijibu. "Ila nilikuwa nimeubeba mzigo huu peke yangu, nao ni mzito. Sasa tumeushika wawili."

Walipokuchoma mgongo walikukunja kama mtoto aliye tumboni. Muuguzi alitaka kunitoa, ukasema, "Mwache." Sikufikia mkono wako, kwa hiyo nilikushika kisigino. Kilikuwa kigumu, kina nyufa, na kila sindano ilipozama kilinisukuma kifuani. Sikukiachia.

Nilipona kabla yako. Wewe uliendelea na dawa wiki baada ya wiki, na usingizi ule ulianza kukuachia kidogo kidogo. Ulianza kula. Ulianza kugombana na wagonjwa wenzako kuhusu mchezo wa bao. Nikadhani tumepita. Mpaka asubuhi moja tulipokuwa tukiota jua ukaniuliza, "Ajiambo, leo ukungu umefunika mwamba?"

Hakukuwa na ukungu, Baba. Mbingu ilikuwa safi na mwamba ulikuwa mbele yetu, mkubwa kama kawaida. Nilinyamaza. Na kwa kunyamaza kwangu ukajua.

Ulilia siku mbili. Ya tatu uliomba uletewe uji.

Watu wa Dabani walizoea kusema kwamba imani ilikuondolea woga. Hawakuishi nawe. Mimi niliyekuongoza kwa fimbo najua uliogopa mbwa, uliogopa radi, uliogopa nilipokwenda kuolewa Malaba kwamba garimoshi litanikanyaga. Lakini ukisikia kuna nyumba wamemficha mgonjwa, uliitaka fimbo yako. Tulikwenda hadi uani kwao, ukakaa, ukawaacha wasikie pumzi yako inavyokwenda mbio. Hukuwahi kuwaambia hospitali ni raha. Ulisema, "Nitazameni macho yangu, mjue gharama. Kisha nitazameni binti yangu. Haya, twendeni. Na mimi naogopa." Na walikwenda. Wengi wao walikwenda. Ulipokuwa ukirudi nyumbani, nguo zako zilikuwa zimelowa jasho kwapani hadi kiunoni, na ulikuwa ukiimba.

Nimekuandikia haya yote kwa sababu leo zamu ni yangu na sijui kuifanya. Wanasema dawa za siku hizi ni bora. Labda. Wandera alipoingia mle ndani hakulia, alinitazama tu, na ningependa angelia. Nimejaribu kusali tangu asubuhi. Sala zangu hazina kichwa wala miguu. Nataja jina la mtoto, nataja jina la Bwana, nataja la mtoto tena. Nafikiri zinafika. Kama zisingefika, nisingekuwa bado nimeketi hapa. Ningekuwa nimembeba nikakimbia naye.

Kuna mama mmoja kando yangu ametoka Molo, si mbali na hapa. Mtoto wake mchanga amefungwa mgongoni, na shingo ya mtoto ameifunika kwa kitambaa ingawa jua linachoma. Mara mbili amesimama akashuka ngazi, mara mbili amerudi. Sasa hivi ameniuliza, "Dada, hawa wanaingia hapo, wanatoka?"

Nikamwambia, "Mimi niliingia. Nilitoka."

"Na mwenye alikuleta?"

Ningeweza kumdanganya. Nimemweleza yote, Baba, hata la macho yako. Amesikiliza huku akifunga na kufungua fundo la leso yake. Mzigo wake ulikuwa mapajani, tayari kwa safari.

Wameita jina la Wandera. Dresa amesimama mlangoni na uso wake hausemi chochote. Lazima niiache barua hapa, pamoja na kikapu changu, na nilikuwa natazama huku na huku nimwachie nani, ndipo yule mama ameuweka mzigo wake chini, akasukuma kikapu changu karibu na miguu yake.

"Nenda, dada," ameniambia. "Nitakuangalizia. Mimi niko hapa."

Naingia, Baba. Lala kwa amani ya Bwana hadi tuonane.

Ni mimi, binti yako,
Ajiambo