Taa ya Injini Iliyoitwa Mgeni

11 Januari

Kaka Lkhagvajav,

Salaam. Huko Ulaanbaatar mnauonaje msimu huu wa baridi? Sisi hatujambo, mifugo bado ina nyama mgongoni, na gari kuukuu ulilotununulia linawaka kila asubuhi. Mume wangu Tömör anapanda kilimani kutafuta mtandao ili barua hii ikufikie, kwa hiyo jibu kabla masharubu yake hayajaganda.

Kuna jambo. Unamjua mama mkwe, safari ikikaribia hataki baya litajwe. Nikifungua mdomo tu ananikata jicho. Basi nasema kwa kuzunguka, nawe ni mwelewa: tumepata mgeni wa manjano. Katokea ghafla jana na haondoki. Hana kelele, yupo tu anatutazama. Tunataka kuvuka mlima kwenda hospitali ya wazazi mkoani. Twende naye hivyohivyo au tusubiri? Naogopa.

Mdogo wako, Khongorzul

12 Januari

Mdogo wangu mpenzi,

Salaam nyingi, mama mkwe msalimie. Nimekusoma nikamwaga chai! Nami simtaji zaidi ya hapo, maneno yana masikio.

Umanjano usikukoseshe usingizi. Wa kwangu alikuwa hivyohivyo, mke wangu akalia wiki nzima, mwishowe ukaondoka wenyewe. Cha muhimu ni joto. Mfunikeni vizuri, anyweshwe mara kwa mara, halafu nendeni naye mkamwonyeshe wataalamu. Kukaa huko mkisubiri ndiko kubaya.

Kaka yako, Lkhagvajav

13 Januari

Kaka,

Salaam tena. Umenitua mzigo! Kumbe nawe unayaweza mafumbo. Tömör amemnywesha oili mpaka kwenye alama ya kijiti cha kupimia, na boneti amelivika blanketi la sufu. Mama mkwe ameshatenga maziwa ya kunyunyizia magurudumu, baraka ya safari. Tunaondoka kesho kukipambazuka. Tumbo limeshuka, na mtoto anapiga mateke kama mbuzi aliyefungiwa.

Mdogo wako, Khongorzul

13 Januari, jioni

Khongorzul!

Leo hakuna salamu. Mtoto bado yuko tumboni? Mimi nilidhani umeshajifungua! Nilidhani mtoto ana manjano! Yaani nakujibu habari za kichanga, kumbe unaniuliza taa ya injini! Ole wangu.

MSIONDOKE. Kama taa imetulia, ngojeni nije na kifaa cha kuipima. Kama inawaka na kuzimika, injini inajiua, itawaacha mlimani kwenye baridi ya kuua mtu. Tömör, ukilisoma hili, zima gari hilo.

Kaka yako

14 Januari

Mdogo wangu, nimepiga simu mpaka kidole kinauma. Hampatikani. Nimeazima gari la jirani, nakuja.

Kaka

15 Januari

Barabara imefungwa kwa theluji, polisi wamenirudisha. Nijibu hata neno moja. Hata tusi. Nakuomba.

Kaka

19 Januari

Kaka,

Salaam. Hali yako? Naandika nikiwa kitandani, hospitalini.

Taa ilianza kuwaka na kuzimika tulipoanza kupanda mlima. Tömör akasema, "Si kaka yako kasema twende?" Tukaenda. Injini ikakata pumzi karibu na kilele. Tömör akashuka kwa miguu kutafuta watu, nami nikabaki garini na uchungu umeshanianza, nimejifunika lile blanketi la boneti, najing'ata mkono nisilale. Nilikutukana, Kaka, sikufichi. Nilikutukana kwa sauti.

Alirudi na wafugaji wenye lori. Nilijifungulia kwenye hema lao, kisha wakatuleta huku. Bibi wa pale alimpokea mtoto huku akimfokea Tömör asisogeze motoni miguu yake iliyoganda. Vidole viwili vya miguu ya Tömör vimekatwa.

Ujumbe wako wote umeingia leo kwa mkupuo. Nimeusoma nikalia, nikacheka, nikalia tena.

Ni mvulana. Mama mkwe kapiga simu, anataka tumwite Enebish, yaani "Siye Huyu", ili balaa likija kumtafuta lidhani limekosea mlango. Ni jina la wazee, silidharau. Lakini nimemwambia, "Mama, nisamehe, kusema kwa kuzunguka kumeniishia kule mlimani." Nikamsikia analia.

Nimempakata hapa, anapumua, ana pua yako. Ni huyu, Kaka. Njoo umwone.

Mdogo wako, Khongorzul