Mguu Unaotazama Mlangoni

Tsaramandroso, Mahajanga

Mama yangu,

Katika yote ya hospitali, sauti moja tu ndiyo iliyobaki nami: daktari akikigonga kile chuma cha kutiwa pajani mwangu kwa ukucha kabla sijalazwa usingizi, kama mtu anayenunua sufuria. Shikamoo. Je, kifua cha Baba kimetulia? Mimi ni mzima. Kovu limefunga na uvimbe haujarudi.

Umeniuliza kwa nini mguu umepinda. Haujapinda, umegeukia nje. Walipokata kipande cha mfupa wa paja chenye uvimbe, wakaweka chuma mahali pake, daktari hakuwa na alama ya kumwonyesha mbele ni wapi. Alama zilitoka pamoja na mfupa. Mguu wa pili, ule mzima, ungemwongoza, lakini ulikuwa umefunikwa shuka. Akakadiria. Amekiri mwenyewe, bila kunitazama.

Nikitoka kutawadha naziangalia nyayo zangu kwenye saruji. Wa kulia unaelekea kwenye mswala, wa kushoto unaelekea mlangoni. Bi Rukia, mwenye nyumba wangu, naye huziangalia. "Mwanangu," aliniambia juzi, "mmoja unakwenda kuswali, mwingine unachungulia nani anapita." Nilicheka mpaka nikashika ukuta.

Daktari anataka kunifungua tena akizungushe chuma. Nikamuuliza, "Nitapanda ngazi vizuri zaidi?"

"Kama sasa."

"Nitaweza kuswali bila kiti?"

"Hapana. Goti litakunjika vilevile."

"Basi kitabadilika nini?"

"Utapendeza ukitembea."

Akaongeza kwamba kidonda kikiingia usaha mara hii, huenda mguu wenyewe ukakatwa.

Najua mama yake Saidi amekwambia posa ya mwanawe itangoja mpaka ninyooke, nawe umeniomba nikubali. Nimelifikiria wiki tatu. Kila siku natembea hadi shuleni ninakofundisha, nasimama mbele ya wasichana mpaka adhuhuri, kisha narudi. Jioni paja huuma kidogo. Sioni ninachokwenda kutafuta tena kwenye kile kitanda.

Nisalimie Baba, shangazi anayekutazamia nyumba, na kaka anayevuka bandari ya Ankify kila wiki na mizigo yake.

Jumatatu nilitia sahihi karatasi ya kukataa kupasuliwa tena. Mama yake Saidi nimemwandikia mwenyewe kwamba posa isiningoje. Barua yake imeondoka kabla ya hii.

Mwanao,
Zaina